Mama Yangu Hufua Nguo

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya sanduku langu, nje ya nyumba niliyoipaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe. Mlangoni kufuli jipya, ndani mwanamke mwingine anacheka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu mimi alikuwa ndani ya gauni langu, maana aliponichungulia dirishani ndilo alilokuwa amelivaa.

Wengi mmeniuliza kama nililia. Sikulia. Msidhani ni kiburi, kilio chenyewe kilikataa kuja. Niliinuka, nikajitwisha sanduku, nikatafuta chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha kufulia ninakofanya kazi, na kesho yake nikaingia zamu kama kawaida.

Niiteni Mama Nukta. Nukta ni binti yangu, alizaliwa kadogo hivyo, jina likamganda. Siku za juma anakaa kwa baba yake kwa sababu shule iko jirani na pale. Ijumaa mchana namchukua getini, tunakuwa wote hadi Jumapili. Hizo Ijumaa ndicho kitu pekee nilichotoka nacho kwenye ile ndoa, ukiacha sanduku.

Baba yake nitamwita mtalaka wangu. Yule mwanamke nimempa jina la Mrithi, kwa kuwa amerithi kila kitu: mume, sufuria, gauni. Kwa kawaida anayerithiwa huwa amekufa. Mimi nilikuwa naenda kazini kila siku.

Sasa sikilizeni neno moja la Kiingereza lilivyotaka kunimaliza.

Ijumaa hiyo Nukta alitoka getini, akaangalia huku na huku kabla ya kunishika mkono.

"Mama," akasema, "Siku ya Wazazi atasoma Mama Mdogo." Ndivyo alivyofundishwa kumwita Mrithi.

"Atasoma nini?"

"Sentensi. Kila mtoto anasimama na mzazi wake mbele ya watu, wanasoma pamoja. Mwalimu Mkuu anaita kusoma kwa mdomo mmoja. Sauti mbili zinatakiwa zitoke kama moja."

Shule yao ina mambo. Anayesoma siku hiyo ndiye anayekuwa mzazi msomaji mwaka mzima. Ndiye anayeitwa kwenye vikao, na ndiye peke yake ambaye mlinzi wa geti anaruhusiwa kumkabidhi mtoto. Mwalimu Mkuu anasema hataki Kiingereza kiishie getini.

"Na kwa nini asome yeye?"

Nukta akatazama viatu vyake. "Kwa sababu wewe unasema klothizi."

"Klothizi ndiyo nguo," nikasema.

"Siyo hivyo, Mama. Siku ile ulipomwambia mwalimu unafanya kazi ya kufua klothizi, wenzangu walisikia. Mpaka leo wananiita Klothizi."

"Hebu niambie hiyo sentensi."

Akaisema bila kukwama: "My mother washes clothes."

Mama yangu hufua nguo. Kila mtoto alikuwa amepewa sentensi ya kazi ya mzazi wake. Wa daktari kapewa ya kutibu, wa dereva kapewa ya kuendesha. Nukta kapewa ya kufua, na wa kuisoma naye ni mwanamke anayepokea simu ofisini na kucha zake huwezi kuzikaribia na sabuni.

"Akisoma yeye, Ijumaa utatokaje?" nikamwuliza.

"Amesema atakuwa ananileta kwako akipata nafasi."

Akipata nafasi. Nilingoja moyo upasuke, haukupasuka. Nilikuwa kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

"Nipe wiki moja," nikamwambia. "Nikiliweza hilo neno, nisome mimi?"

Alifikiri sana, kama mtu mzima. "Ukiliweza. Lakini Mama, usilijaribu mbele za watu."

Jumapili nilipomrudisha, mtalaka wangu alinipokea mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu nisije nikapita.

"Nimesikia unataka kusoma," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi sina neno na wewe. Soma. Lakini ukimwaibisha mtoto, mambo ya Ijumaa tusije tukayazungumza tena."

Mrithi akatokea nyuma yake, ameshika mwiko wangu ule wenye mpini uliopasuka. "Dada, unajitesa bure," akasema kwa huruma ya kuigiza. "Ni neno dogo tu. Hebu litamke nikusaidie."

Nukta akanitikisia kichwa. Nami, sijui nini kilinituma, nikalitamka.

Mrithi hakucheka. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaingia ndani, na huko ndiko alikochekea. Mtalaka wangu alifunga mlango taratibu, kama watu wanavyofunga kwa mgonjwa.

Kiwandani kwetu tunafua mashuka ya mahoteli. Kazi yangu iko kwenye rola, ile mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Tunasimama wawili, mmoja huku mmoja kule, kila mtu kashika pembe yake, tunailisha shuka kwa pamoja. Mmoja akiwahi, shuka linaingia mshazari na kutoka limekunjamana, na inabidi lirudi kwenye maji. Ukikaa hapo muda mrefu vidole vinakufa ganzi kwa joto. Kwa vyangu siku hizi naweza kushika sufuria ya moto na nikabaki naulizia ulikokwenda mfuniko.

Jirani yangu wa rola ni mwanamke wa utani, hajui kunong'ona.

"Sema klothizi," nikamwambia.

"Klothizi."

"Umekosea."

"Nimekosea nini? Tunazifua miaka yote hii, zimeshawahi kukataa kutakata kwa sababu ya jina?"

Nikamweleza habari ya Ijumaa. Tukalisha mashuka kadhaa. Halafu akasema, "Nenda kwa Mzee wa Boila. Yule kakaa na Wazungu."

Mzee wa Boila ndiye anayetupikia mvuke. Ujana wake aliumalizia kwenye vyumba vya mashine vya meli za mizigo. Alinisikiliza akiwa anaangalia geji yake ya kupimia mvuke.

"Kloz," akasema. "Wenyewe wanasema kloz, basi. Nililala nao chumba kimoja. Hawana muda wa kuhangaika."

Kumbe ni rahisi hivi. Jioni nikapiga simu kwa mtalaka wangu nikaomba kuzungumza na Nukta.

"Kloz," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Mwalimu anasema lazima aone ulimi. Wanaosema hivyo anawarudisha."

Kesho yake nikarudi kwa mzee.

"Ala," akasema. "Kumbe wanataka na ulimi. Haya. Dhahabu unaijua?"

"Kwa kusikia."

"Anza kusema dhahabu, ulimi uko wapi?"

"Kwenye meno."

"Sasa sema ziwa. Umeenda wapi?"

"Umerudi ndani."

"Basi sauti zote mbili unazo nyumbani, hukuja kukopa kwa mtu. Shida yako unaziwekea kiti katikati zikae. Klo-thi-zi. Ondoa kiti. Zisimame, zibanane, ziishe."

Nikajaribu. Kiti kikabaki palepale.

"Jikaze kisabuni," akasema, akageukia boila yake.

Siku zilizofuata nililisema lile neno kwenye rola. Uzuri wa kiwandani ni kelele, unaweza kusema chochote na hakuna atakayekusikia. Dhahabu, ziwa, dhahabu, ziwa. Jirani yangu akalalamika kwamba natemea mate mashuka ya watu. Baadaye naye akaanza kulisema, eti kwa kunisindikiza, na kila shuka lililoingia mle lilisindikizwa na makosa yetu mawili.

Siku moja mchana Mzee wa Boila alizima mvuke ili akaze valvu. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja. Mimi nilichelewa kunyamaza. Neno likanitoka peke yake katikati ya ule ukimya, zima, limebanana, bila kiti. Kiwanda kizima kilinigeukia.

"Hilo hapo," mzee akasema kutoka nyuma ya bomba. "Usiliguse tena."

Nilingoja furaha. Jirani yangu alikuwa anacheka machozi yanamtoka, ananipigapiga mgongoni. Mimi niliangalia vidole vyangu, nikaona rola inapoa, nikaenda kukunja mashuka.

Jioni ya kuamkia Siku ya Wazazi nilipiga simu. Akapokea Mrithi.

"Mtoto anaoga," akasema.

"Mwambie nimeliweza."

"Nitamwambia, dada. Hongera sana."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru. Mtu akishazoea kupigwa, anayemwambia hongera humwona malaika.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa wazazi waliovaa vizuri. Nilikaa nyuma. Mtalaka wangu na Mrithi walikaa mstari wa pili, yeye na lile gauni langu, amelipunguza kiunoni. Wazazi walipanda na watoto wao, wakasoma, wakashangiliwa. Daktari alisoma na mwanawe mpaka ukafikiri ni mtu mmoja. Dereva alikwama kidogo, mwanawe akamvuta, wakapita.

"Nukta na mzazi wake," mwalimu wa darasa akaita.

Tuliinuka wawili. Mimi nyuma, Mrithi mbele. Ukumbi ukageuza vichwa. Nukta alisimama kwenye ngazi ya jukwaa, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Halafu akashuka, akapita mstari wa pili bila kusimama, akaja mpaka nilipo, akanishika vidole.

Mrithi akaketi, akavuta gauni magotini.

Jukwaani Mwalimu Mkuu aliinama kidogo atutazame midomo. "Kwa mdomo mmoja," akasema. "Mnaruhusiwa mara mbili."

Tukaanza vizuri. Mama yangu, kwa Kiingereza, tulilisema pamoja. Hufua, tulilisema pamoja. Tukafika kwenye nguo. Nikaubana ulimi, nikaondoa kiti, neno likatoka kama lilivyotoka siku ile mashine ziliponyamaza.

Na Nukta, kando yangu, kwa sauti kubwa iliyofika mpaka mlangoni, akasema, "Klothizi."

Watu wakacheka. Mtoto mmoja mbele akalirudia, "Klothizi, Klothizi," mama yake akamziba mdomo.

Niliinama sikioni kwake. "Mbona umesema hivyo? Si unalijua?"

"Mbona wewe umesema hivyo?" akanong'ona. Macho yamemtoka.

"Nimejifunza. Hukuambiwa?"

Akatikisa kichwa. "Mimi nimejifunza la kwako. Ili wakicheka, watucheke wote wawili."

Jamani, mwenzenu nilikuwa sijaguswa na kitu tangu siku ya kufuli. Nilitaka kumbeba nitoke naye kwa mlango wa nyuma, nisionekane tena na mtu yeyote anayejua kusoma.

"Mara ya pili na ya mwisho," Mwalimu Mkuu akasema.

Nikawaza haraka. Mtoto huyu amejitoa mbele za watu kwa ajili yangu, mimi ni nani nimwache peke yake? Tulipofika kwenye neno, nikaiachia ile ya zamani, klothizi, na kiti chake na meza yake. Naye, kwa kunifuata mimi, akalisema sawasawa, ulimi ukionekana kabisa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Jirani yangu wa rola angesema kila mmoja kavuta pembe ya mwenzake. Shuka likaenda mshazari.

Mwalimu Mkuu hakucheka. "Inatosha," akasema. "Kuna mzazi mwingine wa mtoto huyu?"

Mrithi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Akanipisha nishuke, kwa heshima zote. Akamshika Nukta mkono, akakohoa kidogo, akasoma. Kusema haki, alisoma vizuri. Mgala muue na haki umpe. Neno lilipita mdomoni mwake kama maji yanavyopita kwenye bomba.

Ila alisoma peke yake. Nukta alikuwa amefunga mdomo.

"Mbona husomi?" Mwalimu Mkuu akamwuliza.

"Huyu hafui, Mwalimu."

"Ni sentensi tu, Nukta. Soma."

"Sentensi inasema mama yangu hufua nguo. Huyu hafui." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ukumbi ulikuwa umeshatulia. "Hata nguo zangu zinakaa kwenye ndoo zinasubiri Ijumaa."

Hakuna aliyecheka. Mrithi aliuachia mkono wa mtoto kama umemchoma. Mtalaka wangu, mstari wa pili, alikuwa anaangalia chini katikati ya magoti yake, shingo imemvimba. Namjua. Ile shingo niliishi nayo miaka mingi.

"Nitaamua mwenyewe," Mwalimu Mkuu akasema. "Mlinzi wa geti atakuwa na jibu Ijumaa."

Kiwandani nilipowasimulia, jirani yangu alisimamisha rola ili asikie vizuri. "Umeshinda," akasema. "Huoni? Umeshinda." Mzee wa Boila naye alikuja kunipa mkono. Nikakubali kwamba pengine nimeshinda. Niliwaza tu kwamba nitahitaji sabuni ya unga, maana nguo za mtoto za wiki nzima si mchezo.

Ijumaa niliomba ruhusa nikawahi. Mlinzi wa geti, mtu mpole mwenye filimbi shingoni, aliponiona alisimama.

"Nukta ameshaondoka," akasema.

"Na nani?"

"Na mama yake."

"Mama yake ni mimi."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Namaanisha yule wa ofisini. Alikuja na baba mtu. Wamemtoa darasani kabla ya kengele. Gari limejaa masanduku, na juu wamefunga godoro."

"Na Mwalimu Mkuu alisema msomaji ni nani?"

"Wewe," mlinzi akasema. "Aliniambia asubuhi, nisimpe mtu mwingine. Lakini baba akaja na habari kwamba mtoto anahama shule. Akishahama hayuko kwenye mikono yetu tena, na habari za msomaji zinaisha hapo. Mimi ningefanya nini, mama? Yule ni baba yake."

Nilisema sawa. Nilisikia kabisa sauti yangu ikisema sawa. Ganzi ile ninayoijua ikaanza kupanda tena kutokea miguuni, na nikaiacha ipande, maana ndani yake hakuumi.

"Ngoja," mlinzi akasema. Akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na sweta la shule, bluu, kiwiko cha kushoto nilichokitia kiraka mwenyewe. "Alilivua hapa hapa, wakati baba yake anapanga mizigo. Akanipa bila wao kuona. Kasema, mpe mama yangu anifulie. Kasema atalifuata."

Nikalipokea. Lilikuwa limechafuka kifuani kwa wino, na lilinuka nywele zake.

Lilikuwa bado na joto. Vidole vyangu hivi, ambavyo havisikii tena hata rola, vililisikia.

Nikavua viatu vya kazi visinizuie kukimbia, nikavishika mkono mmoja na sweta mkono wa pili, nikamwuliza mlinzi gari limeelekea upande gani.